Black Flag: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sifa na lawama za gemu ya maharamia

Ukurasa huu unahusu Assassin's Creed IV: Black Flag, gemu ya Ubisoft Montreal iliyoanza kuuzwa tarehe 29 Oktoba 2013. Miaka imepita, matoleo mengine mengi ya mfululizo huo yametoka, na bado watu wanabishana kuihusu. Hapa tumekusanya maswali yanayorudi kila mara: wahakiki walisema nini, wachezaji wanasema nini, wapi wako sahihi, na ucheze vipi ili upate uzuri wake bila kuchoshwa na kasoro zake. Hatufichui mwisho wa hadithi.

Gemu hii inahusu nini hasa?

Unamwongoza Edward Kenway, baharia wa Wales aliyeacha mke nyumbani akaenda Karibi kutafuta utajiri. Matukio yanaanza mwaka 1715 na kuishia 1722. Miji mikubwa ni mitatu, Havana, Kingston na Nassau. Sehemu kubwa iliyobaki ni bahari yenye visiwa, vijiji, ngome, mashamba ya miwa na meli zilizozama. Chombo chako ni Jackdaw, brigi ya milingoti miwili, na msaidizi wako mkuu melini ni Adéwalé, mzaliwa wa Trinidad aliyewahi kuwa mtumwa.

Lazima niwe nimecheza zile za kabla?

Hapana. Edward ni babu yake Connor, mhusika mkuu wa Assassin's Creed III ya mwaka 2012, lakini hadithi yake inajitegemea. Unachohitaji kujua ni kwamba kuna makundi mawili yanayopigana kwa siri, Assassins na Templars, na kwamba Edward mwanzoni hayajali yote mawili. Anataka pesa. Wachezaji wengi wanampenda kwa sababu hiyohiyo: anabadilika polepole, kwa gharama, na rafiki zake wanamtoka mmoja baada ya mwingine.

Wahakiki waliipa alama ngapi?

Tovuti za uhakiki wa gemu za IGN na GameSpot waliipa 8.5 kwa 10 na 9 kwa 10, na wastani wa wahakiki kwenye mashine kubwa ulikaa juu ya 80 kwa 100. Kwenye tuzo za VGX za Desemba 2013 ilichukua tuzo ya gemu bora ya mapambano na safari. Hadi Mei 2014 Ubisoft ilikuwa imetangaza kusambaza zaidi ya nakala milioni 11.

Alama hizo zinaeleweka vizuri ukikumbuka hali ya wakati ule. Assassin's Creed III ilikuwa imewagawa watu: ilianza taratibu mno na mhusika wake alionekana mkavu. Kitu kimoja ndani yake kilisifiwa karibu na kila mtu, nacho ni vita vya baharini, ila vilikuwa vichache na vimetengwa na ramani ya nchi kavu. Black Flag ilichukua kipande hicho ikakifanya kuwa gemu nzima. Sifa na lawama zake karibu zote zinatokana na uamuzi huo. Ukiwa melini, gemu inapaa. Ikikushusha melini kwa lazima, inapungua nguvu.

Kwa nini vita vya meli vinasifiwa hivyo?

Kwa sababu silaha inachaguliwa na upande unaotazama, basi. Ukitazama omo, yaani mbele ya meli, unarusha minyororo ya kuvunja milingoti na kumpunguzia adui mwendo. Ukitazama ubavuni, unapata mizinga mikubwa. Ukitazama tezi, yaani nyuma ya meli, unadondosha mapipa ya moto kwa anayekufukuza. Mizinga ya kombora, ile inayorusha juu na kudondosha mbali, ina kitufe chake. Hakuna menyu ya kufungua katikati ya vita, kwa hiyo mikono inajifunza haraka na akili inabaki kwenye upepo, mawimbi na pembe ya meli.

Sababu ya pili ni kwamba bahari na nchi kavu vimeunganishwa. Ukiona kisiwa kidogo unaacha usukani, unajirusha majini, unaogelea hadi ufukweni na kupanda mnazi, bila skrini ya kusubiri. Miji mikubwa ndiyo inayopakia upya. Ukishaivunja meli ya adui nguvu hadi ikawa haiendi, unaisogelea, mabaharia wako wanatupa kulabu, na wewe mwenyewe unaruka kwenye sitaha yao na upanga. Gemu nyingi za meli zilizokuja baadaye hazikuweza kulifikia hilo, na wachezaji hawajaacha kulitaja.

Halafu kuna nyimbo. Mabaharia wanaimba mnaposafiri, na nyimbo mpya unazipata kwa kukimbiza karatasi zinazopeperuka juu ya mapaa mijini. Karatasi hukimbia pale tu unapoikaribia, hivyo usisimame kupanga njia ukiwa umeshaanza kuikimbiza. Fuata mkondo wake bila kusita, la sivyo inapotea na unalazimika kuirudia.

Lawama kubwa kuliko zote ni ipi?

Misheni za kumfuata mtu kwa siri na kusikiliza mazungumzo yake. Ziko nyingi mno, na mhakiki aliyeipa 9 na mchezaji aliyeiacha katikati wote wanakubaliana hapo. Shida yake ni ya muundo. Mlengwa anatembea pole kwa njia moja, wewe unatakiwa ubaki ndani ya duara la kusikia, usionekane, na usiachwe nyuma. Ukikosea, sehemu inarudi na unasikia maneno yaleyale tena. Gemu inayokupa bahari nzima inakunyang'anya uhuru wote kwa dakika kumi. Kuna hata misheni za kuifuata meli kwa siri ukiwa na Jackdaw, na hizo ndizo ngumu zaidi, kwa sababu meli haijifichi kama mtu.

Hizi hapa njia za kuzipunguzia uchungu:

Washa jicho la tai, uwezo wa Edward wa kuwatambua watu muhimu, mara misheni inapoanza na umweke alama mlengwa pamoja na walinzi wake. Ukishawawekea alama utawaona hata nyuma ya ukuta, kwa hiyo huna haja ya kuwakaribia ili usiwapoteze.

Usimfuate kwa nyuma moja kwa moja. Tembea sambamba naye, kwenye vichaka vya upande mmoja au juu ya paa. Walinzi hugeuka nyuma mara kwa mara. Pembeni hawatazami sana.

Bomba la kupulizia vishale, ukishalipata, linamaliza nusu ya matatizo. Kishale cha usingizi kinamlaza mlinzi bila kelele. Cha wazimu kinamfanya awageukie wenzake, ila kelele yake inaweza kumshtua mlengwa, kwa hiyo kitunze kwa matumizi ya mbali.

Masharti ya ziada ya misheni yapuuze mara ya kwanza. Hayazuii hadithi kuendelea, na misheni yoyote unaweza kuirudia baadaye.

Je, mapigano ya upanga ni rahisi kupita kiasi?

Ndiyo, hasa kwa aliyezoea mfululizo. Unasubiri adui ashambulie, unakinga, unamuua, kisha unaunganisha na anayefuata. Wanaokwama ni wale wanaobonyeza kukinga dhidi ya kila mtu. Askari wenye miili mikubwa wanaobeba shoka hawakingiki hivyo. Lazima uvunje ulinzi wao kwanza ndipo uwapige. Kwenye sitaha iliyojaa watu, wa kwanza kuondolewa ni wenye bunduki, kwa sababu wanakupiga ukiwa katikati ya upanga. Bastola unaweza kubeba hadi nne, ukiwinda wanyama na kushona mikanda kwa ngozi zao. Wanaolalamika kwamba uwindaji hauna maana mara nyingi ni wale ambao hawajashona chochote. Nyongeza ya afya inapatikana huko pia.

Nianze kuboresha nini kwenye Jackdaw?

Swali hili lina jibu, ingawa wachezaji wanapenda kulibishania.

Kwanza kiunzi cha meli, maana ndicho uhai wako. Mizinga mikubwa kwenye meli laini inakupa ushindi dhidi ya wadogo na kifo dhidi ya manowari ya kwanza. Pili mizinga ya ubavuni. Tatu mizinga ya kombora, kwa sababu bila hiyo ngome zinakutesa. Risasi nzito, zile zinazopigwa karibu kabisa bila kulenga, zifuate hapo. Kichwa cha kugongea omoni na mapipa ya moto vinaweza kusubiri.

Kinachokwamisha watu ni chuma, kuliko pesa. Maboresho hula chuma, mbao na vitambaa, wakati sukari na ramu ni za kuuza tu ili upate reale, pesa ya gemu. Kwa hiyo usishambulie kila meli inayopita. Itazame kwanza kwa darubini: inakuonyesha daraja lake na shehena yake. Inayobeba chuma iteke. Inayobeba ramu chache iache iende zake. Na usiizamishe. Meli inayozama inakupa sehemu tu ya mzigo, inayotekwa inakupa mzigo wote.

Ukishaiteka unapewa chaguo la kuitumia kutengeneza Jackdaw, kupunguza hamu ya wawindaji wa maharamia wanaokutafuta, au kuipeleka kwenye kikosi chako. Ukiwa umeumia na alama ya kutafutwa iko chini, tengeneza. Ukiwa mzima lakini wawindaji wanakukaribia, punguza. Bandarini wapo maofisa wanaopokea hongo kwa kazi hiyohiyo, kwa hiyo mwenye reale nyingi asipoteze meli nzuri.

Maghala ya mashambani nayo yana shehena ya kuchukua. Mbinu yake ni kumtafuta mwenye ufunguo kwa jicho la tai, kuharibu kengele kabla ya jambo lolote, kisha kumnyemelea. Kengele ikilia ndipo watu wengi wanapoharibikiwa.

Madaraja ya juu kabisa hayanunuliki mpaka upate michoro yake, na mingine iko chini ya maji ndani ya meli zilizozama. Huko unatumia chombo cha kuzamia, na pumzi unaiongeza kwenye mapipa ya hewa. Papa huwezi kupigana nao. Subiri wageuke, jifiche kwenye mwani, songa.

Ngome ziko ngapi, na zina faida gani?

Ziko 11. Ukiiteka moja, ramani ya eneo lake inafunguka, unapata mahali pa kurudi kwa haraka, na kazi za baharini zinapatikana humo. Piga minara kwa mizinga ya kombora ukiwa mbali, kisha ingia karibu umalize. Makosa ya kawaida ni kuanza vita na ngome wakati doria ya meli iko nyuma yako. Zunguka mara moja kwanza, safisha maji, ndipo ushambulie.

Dhoruba inanizamisha. Nifanye nini?

Elekeza omo kwenye wimbi kubwa moja kwa moja. Likikupiga ubavuni linakula kiunzi na kuwatupa mabaharia wako majini. Kimbunga cha maji kipishe mbali. Risasi zikija, waamuru mabaharia wainame; kubonyeza kujikinga kwa wakati hupunguza madhara sana, na wachezaji wengi wapya hawakitumii kitufe hicho kabisa. Kumbuka pia kwamba ukiwa kwenye mwendo wa safari, kamera inapokaa mbali, huwezi kupiga mizinga.

Zile meli nne za hadithi kwenye pembe za ramani zinashindikana kweli?

Mapambano ni manne, meli ni tano, kwa kuwa moja ni pacha. Usiziguse kabla kiunzi, mizinga na risasi nzito havijafika juu. El Impoluto hupenda kugonga kwa omo. Ukiiona imekunyookea, geuza upite kando yake na umwage risasi nzito mnapopishana. HMS Fearless na Royal Sovereign ni mapacha: ukizamisha mmoja, aliyebaki hukasirika na kukufuata kwa nguvu. Gawanya mapigo ili wote wawili wafike ukingoni, kisha uwamalize karibu kwa pamoja. HMS Prince na La Dama Negra zinahitaji subira zaidi: kaa kwenye mwendo daima, usisimame kwenye duara jekundu la makombora, jikinge, rudisha.

Wachezaji wengi wanasema haya ndiyo mapambano bora ya gemu nzima, na tunakubaliana nao.

Sehemu ya zama za sasa, ile ya ofisini, inahitajika?

Ni fupi. Unakuwa mfanyakazi asiye na sauti wa Abstergo Entertainment, kampuni ya Templars ya kubuniwa, huko Montreal, ukitembea kwenye maghorofa na kudukua kompyuta. Walioifuata kwa miaka hadithi ya Desmond, mhusika wa zama za sasa katika matoleo ya kabla, waliona nafasi hiyo imebaki tupu. Waliokuja kwa ajili ya maharamia waliona inawakatiza. Udukuzi mwingi si wa lazima. Fanya unaodaiwa na hadithi urudi baharini.

Ni kweli ilishutumiwa kwa kuwinda nyangumi?

Ndiyo. Mwaka 2013 shirika la kutetea wanyama la PETA lililalamika kwamba gemu inatukuza uvuvi wa nyangumi kwa chusa. Ubisoft ilijibu kwamba ni kazi ya kubuni iliyowekwa katika zama za maharamia na kwamba haiungi mkono uvuvi haramu wa nyangumi. Uwindaji huo ni wa hiari kwa sehemu kubwa, kwa hiyo usipoupenda unaweza kuupita, ila baadhi ya mavazi na mikanda inataka ngozi za wanyama wa baharini.

Historia yake ni ya kweli kwa kiasi gani?

Kwa watu na matukio ya nje, kwa kiasi kikubwa. Msafara wa hazina wa Hispania ulivunjwa kweli na tufani karibu na Florida mwaka 1715. Nassau ilikuwa kweli makao ya maharamia, na gavana Woodes Rogers alifika huko mwaka 1718 na msamaha wa mfalme. Haramia Blackbeard aliuawa Ocracoke tarehe 22 Novemba 1718. Haramia Jack Rackham alinyongwa Jamaika Novemba 1720, na wenzake Anne Bonny na Mary Read walihukumiwa mwezi huohuo. Wengine wanadhani gemu imekosea kumwita Blackbeard kwa jina la Thatch. Haijakosea, maana jina hilo liliandikwa kwa namna mbalimbali kwenye kumbukumbu za wakati ule.

Panapobuniwa ni kwa Edward mwenyewe na kwa mikono ya makundi ya siri. Haramia Bartholomew Roberts, kwa mfano, aliuawa kwa risasi ya manowari ya Uingereza HMS Swallow karibu na Rasi ya Lopez, pwani ya Gabon, Februari 1722. Gemu inakupeleka hadi kisiwa cha Príncipe upande huohuo wa Afrika, lakini kifo chake inakisimulia kwa njia yake. Nyimbo nazo nyingi ni za karne ya 19. Zinapendeza masikioni, ila maharamia wa 1715 hawakuziimba.

Freedom Cry inafaa kuchezwa?

Inafaa. Ni nyongeza ya Desemba 2013, iliyouzwa peke yake kuanzia Februari 2014. Unamwongoza Adéwalé huko Port-au-Prince, kwenye koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, akiwakomboa watumwa. Ni ya saa chache. Sifa zilienda kwa uzito wa mada na muziki wa Olivier Derivière. Lawama nzito ni kwamba idadi ya waliokombolewa inatumika kufungua silaha na maboresho, na watu wanageuka kuwa hesabu. Tunaiona lawama hiyo ni ya haki, hasa kwa gemu iliyotaka kusema jambo la kweli kuhusu utumwa. Hata hivyo kuishambulia meli ya watumwa humu kunabana kifua: ukipiga mizinga ovyo unawaua walio ndani yake, kwa hiyo unalazimika kuzizima meli za ulinzi kwanza kwa makini.

Kati ya hii, Skull and Bones na Sea of Thieves, nichague ipi?

Skull and Bones ilichipuka kutoka kwenye vita vya meli vya Black Flag, ikatangazwa 2017 na kutoka Februari 2024. Wachezaji walisikitishwa na jambo moja kuliko mengine: kuteka meli ni filamu fupi tu, hupandi sitaha kupigana. Tena inahitaji intaneti muda wote. Sea of Thieves ya Rare, ya Machi 2018, ni ya kucheza na marafiki. Matanga, nanga, kuziba matundu na kuchota maji vyote ni kazi ya mikono yenu. Ilianza ikiwa na mambo machache ya kufanya, ikakua sana. Ukiwa peke yako na intaneti ya kusuasua, Black Flag ndiyo yako. Anayetaka zaidi ya ileile atafute Assassin's Creed Rogue ya 2014, fupi zaidi, yenye mfumo huohuo wa meli.

Itafanya kazi kwenye kompyuta ya zamani?

Mara nyingi ndiyo. Inataka nafasi ya takriban GB 30, RAM ya GB 2 kwa uchache na 4 kwa raha, na kadi ya michoro ya kiwango cha GTX 260 au HD 4870 kwenda juu. Hata ukiinunua kwenye duka la mtandaoni la Steam, utahitaji akaunti ya Ubisoft, kwa hiyo ingia mara ya kwanza ukiwa na bando la kutosha.

Kero inayojulikana ni ulinganishaji wa fremu na skrini uliomo ndani ya gemu. Kompyuta ikishindwa kushika fremu 60 kwa sekunde, inashuka ghafla hadi 30, na usukani unahisi mzito. Uzime ndani ya gemu na uwashe ule wa programu ya kadi yako ya michoro. Ikiendelea kukwama mijini, shusha vivuli na ubora wa mazingira kabla ya kushusha ukubwa wa picha. Pedi inafaa kuliko kibodi melini.

Na kwenye mashine nyingine?

PS4 ilianza na picha za 900p na baada ya sasisho ikafika 1080p. Xbox One ilibaki 900p. Zote ni fremu 30. Toleo la Nintendo Switch lilitoka tarehe 6 Desemba 2019 pamoja na Freedom Cry na Rogue kwenye kifurushi kimoja, bila sehemu ya kushindana mtandaoni. Kwa anayesafiri ndilo tunalolipendekeza.

Inachukua muda gani, na watoto waicheze?

Hadithi kuu ni saa 20 na ushei. Ukitaka kila sanduku na kila kisiwa, hesabu 60 au karibu yake. Usikusanye vyote mwanzoni. Vingine havifikiki mpaka hadithi isonge. Mawe ya Wamaya ndiyo yenye zawadi kubwa: ukipata yote 16 unafungua vazi linalokinga risasi za bunduki. Alama ya umri Ulaya ni 18: kuna damu, ulevi na kunyonga watu. Kiswahili haimo, hata kwenye maandishi ya chini, lakini ukiyawasha hayo ya Kiingereza utafuata mazungumzo vizuri zaidi, kwani lafudhi za mabaharia ni nzito.